Hoteli ya Milango Miwili

Bwana Jailos alipoingia kuikagua nyumba ya wageni ya Lutengano pale Mwanjelwa, Mbeya, aliyotaka kuinunua, hakuvua kofia. Aligonga kuta kwa fimbo, akakanyaga sakafu ya udongo kwa kisigino, akainua macho kwenye bati, kisha akacheka puani.

"Mabati ni mazuri," alisema. "Mabati nitayalipia. Hayo mengine sijui nitayafanya nini."

Tupokigwe, mke wa Lutengano, alikuwa jikoni, kibanda kilichosimama peke yake uani, akipepeta mchele wa Usangu huku mtoto wao Anyitike amelala mgongoni. Alisikia kila neno. Akangoja bure amsikie mumewe akijibu.

Mwaka ule wa hamsini na sita hapakuwa na msafiri wa njia ya Iringa na Mbeya asiyemjua Jailos. Alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu akiwa na shuka moja, akarudi na fedha za kujengea hoteli tatu: Iringa, Igawa na Mbeya. Zote alizipaka milango rangi ya kijani. Msafiri aliyelala Iringa akashuka Igawa alikuta kitanda kile kile, chai ile ile, na bei ile ile imeandikwa kwa chaki ukutani. Asiyejua kusoma alitafuta rangi tu, akaingia. Lutengano hakumpenda mtu huyu, lakini kwa hilo alimwonea wivu mpaka usingizi ukampaa. Yeye pia alitaka nyumba zake zifuatane barabarani kama ndugu wa tumbo moja. Iringa alikuwa na rafiki yake Liberatus, ambaye alikwisha pata kiwanja na kuchoma matofali, akawa anangoja neno tu.

"Na hii nini?" Jailos aliuliza. Fimbo yake iligota mianzi.

Ukumbi ulikuwa umekatwa katikati kwa ukuta wa mianzi, kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi. Upande mmoja ulikuwa na mlango wa barabarani na vyumba vyake. Upande wa pili ulikuwa na mlango wa uani na vyumba vyake.

"Ni ukuta wa wakwe," Lutengano alisema kwa sauti ya chini.

"Wa nani?"

"Wa wakwe. Mtu akisafiri na mke wa mwanawe."

Jailos alicheka mpaka kofia ikamwinama usoni. "Ndugu yangu Lutengano! Watu wanaruka kwa ndege, wewe unajenga zizi! Hapa ng'ombe, pale ndama! Unajua Alhamisi anakuja nani?"

Lutengano alijua. Mbeya nzima ilijua. Kampuni ya mabasi ya Iringa ilikuwa inamtuma msimamizi wake, Bwana Bartholomeo, achague nyumba moja ya kulaza abiria wake. Tangu hapo tiketi ya basi ingebeba na malazi ndani yake. Nyumba itakayochaguliwa ingejaa kila siku gari linapoingia. Nyumba nyingine zote zingebaki kulaza mende.

"Alhamisi atalala kwangu," Jailos alisema akitoka. "Ijumaa nitakuja hapa na fundi wa rangi. Nitakupa bei ya mabati. Ukingoja Jumamosi, nitakupa bei ya kutu."

Kisha Tupokigwe akasikia panga likitolewa nyuma ya mlango.

*

Alipofika mlango wa uani, kamba za juu zilikwisha katwa, na mianzi ilikuwa inaanguka mmoja mmoja.

"Baba Anyitike, umeingiwa na nini?"

"Nafungua ukumbi. Bwana Bartholomeo aingie aone nafasi. Aone meza moja ndefu, watu wamekaa kama watu."

"Na mzee akija?"

"Mzee yupi?"

"Mzee," alisema Tupokigwe, akainamisha kichwa. Baba wa mumewe aliitwa Asukile, lakini tangu aolewe Tupokigwe hakupata kulitamka jina hilo hata peke yake shambani. Kwao Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe. Akikutana naye njiani huchepuka, akachuchumaa na kujifunika kichwa mpaka apite. Ukumbi mmoja hawakai. Mchungaji alikwisha sema kanisani kwamba Mungu hakuagiza hivyo. Washarika wote waliitikia amina, wakatoka nje, na wakamwana, wake za wana wao, wakachepuka njia kama kawaida.

"Tata hashuki mlimani kwa baridi hii," Lutengano alisema; Tata ndivyo alivyomwita baba yake. Panga likala kamba nyingine.

"Alisema atakuja. Alipokupa wale ng'ombe wanne uwauze ujenge, na baba zako wadogo wakapiga kelele, alisema nini? Alisema, 'Nitakwenda Mbeya nione kama bado wanakamuliwa.' Atakaa wapi, nami nitapita wapi? Na hao Wanyakyusa wanaokuja hapa kutoka Tukuyu, unafikiri wanakufuata wewe? Wanafuata huu ukuta."

Lutengano aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Tupokigwe akaona kwamba mumewe hagombani naye.

"Miaka sita, Mama Anyitike," alisema. "Miaka sita nimekuwa boi wa mezani kwenye ile hoteli ya Wazungu mjini. Mlango wa mbele niliushika kitasa kwa ajili ya watu wengine kupita. Mimi na sinia langu, mlango wa jikoni. Mvua, mlango wa jikoni. Siku niliyougua nikabebwa, wakanipitishia mlango wa jikoni. Nikaapa nyumba yangu haitakuwa na mlango wa nyuma. Halafu nimejenga nini? Nimejenga mlango wa nyuma na kumweka mke wangu huko!"

Mianzi ya mwisho ikaanguka. Lutengano aliikusanya mikononi, akaitupa uani nyuma ya jiko.

"Ifanye kuni," alisema.

Tupokigwe hakuifanya kuni. Siku mbili zile alipika kwa kuni mbichi za mkaratusi, moshi ukamla macho, lakini hakugusa hata mwanzi mmoja. Jirani yake Atuganile, muuza maandazi wa kwenye kituo cha mabasi, alimwuliza kwa nini analia.

"Kuni mbichi," alijibu.

"Na hii mikavu imekukosea nini?"

"Hii si kuni."

*

Alhamisi mchana, gari la Tukuyu lilipopita, Tupokigwe alikuwa ukumbini akipanga vikombe juu ya meza mpya ndefu. Alisikia kikohozi barabarani. Kilikuwa kikohozi kizito, cha makusudi, cha mtu anayetoa taarifa. Kikombe kilimponyoka kikavunjika. Alivuta kanga kichwani, akatoka mbio kwa mlango wa uani, akachuchumaa nyuma ya jiko.

Mzee Asukile aliingia amevaa koti kuukuu la jeshi na blanketi mabegani. Alisimama katikati ya ukumbi. Alitazama mbele, akaona barabara. Alitazama nyuma, akaona uani moja kwa moja mpaka mlango wa jiko. Papo hapo akageuza uso ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Ndaga, Tata," Lutengano alimwamkia, akimpokea mzigo.

"Ndaga. Mtoto wa ndugu yangu alilala hapa. Akaniambia kuna ukuta."

"Ulikuwepo, Tata."

"Uko wapi?"

Lutengano aliuweka mzigo chini.

"Nakuuliza uko wapi, kwa sababu nasimama nyumbani kwa mwanangu nikitazama udongo. Nikigeuka, mkamwana wangu hawezi kwenda jikoni. Akienda jikoni, mimi siwezi kugeuka. Mmoja wetu ni mfungwa. Labda wote wawili."

"Tata, leo anakuja mgeni mkubwa wa kampuni. Nilitaka aone nyumba ya kisasa."

"Basi mimi nitamwachia nafasi. Nitalala kituoni."

"Kituoni! Na baridi hii ya Juni! Kuna umande unaoganda, Tata!"

"Ng'ombe wangu wanne wamegeuka kuwa nyumba ambayo siwezi kugeuza shingo ndani yake," mzee alisema. Hakupaza sauti. "Hawakamuliwi."

Nyuma ya jiko, Tupokigwe aliyasikia hayo. Aliona mambo mawili yakija pamoja kama magari kwenye daraja jembamba: mkwe wake akiganda kituoni mbele ya macho ya mji mzima, na Ijumaa asubuhi Jailos na ndoo ya rangi. Na wali ulikuwa bado haujapikwa, na njia ya kupeleka chakula ilipita mbele ya uso wa mzee.

*

Jua lilikuwa linagusa mlima basi la Iringa lilipoingia. Kikapita kitambo, hapakuja mgeni. Lutengano alisimama barabarani amevaa kanzu nyeupe ya zamani ya kazi, akachungulia kituoni, akarudi. Mzee bado alikuwa amekabili ukuta, akikohoa kila alipotaka kubadilisha mguu, ili aliye uani ajue.

Mara Atuganile akaja anakimbia na beseni lake la maandazi kichwani, anacheka hata machozi yanamtoka.

"Mama Anyitike! We mama! Njoo uone sinema ya bure!"

"Nini tena?"

"Huyo Bwana wenu mkubwa wa mabasi! Amesimama nje ya mlango wa kijani wa Jailos kama jogoo aliyenyeshewa. Haingii!"

"Kwa nini haingii?"

"Mama mkwe wake yuko ndani! Amesafiri kwa basi lile lile, anakwenda kwa binti yake mwingine aliyejifungua Makongolosi. Wahehe nao wana mambo yao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani. Garini haikuwa taabu, mama kakaa nyuma, bwana kakaa na dereva. Basi taniboi kamwingiza mama kwa Jailos kwanza, mzigo na yeye. Sasa yuko ukumbini kajifunika gubigubi. Bwana hawezi kuingia kwa sababu mama yuko ndani. Mama hawezi kutoka kwa sababu bwana yuko mlangoni. Na mlango ni mmoja tu!"

"Na Jailos?"

"Jailos anasema, 'Jamani, tuache mambo ya kizamani.' Yule mama akamjibu kutoka ndani ya kanga: 'Baba, wewe acha. Mimi nimezaa binti, siachi.' Abiria wote wako barabarani na mizigo yao, wanatetemeka na wanacheka."

Tupokigwe hakucheka. Alisimama. Alitazama mianzi iliyolala nyuma ya jiko, mizima yote, na kamba zake.

Alizunguka nyumba kwa nje, akasimama pembeni ya dirisha la mbele pasipoonekana kutoka ndani, akamwita mumewe. "Baba Anyitike. Nenda ukamwambie Bwana Bartholomeo kwamba hapa pana milango miwili. Atuganile atamleta yule mama kwa njia ya uani."

"Milango iko miwili, lakini ukumbi ni mmoja!" Lutengano alinong'ona kwa ukali. "Wataonana!"

"Mkifika hapa kutakuwa na ukuta."

"Nani ataufunga? Mimi nitakuwa kwa Jailos, wewe huwezi kuingia, na..." Kutoka ndani kilisikika kikohozi. Halafu sauti ya mzee, ikiuambia udongo wa ukuta:

"Mimi nimefunga mianzi kabla hujazaliwa. Nenda."

*

Wakabaki wawili, mkwe ndani na mkamwana nje, na kati yao mlango wa uani ambao Tupokigwe alikwisha utundikia mkeka. Hapakuwa na mtu wa kuwasemea. Alikuwapo Anyitike tu, mgongoni kwa mama yake, ambaye wakati huo alijua neno moja, nalo ni "maa".

Mzee alikohoa. "Anyitike, mjukuu wangu," alisema kwa sauti kubwa. "Mwambie mama yako alete mianzi mirefu kwanza."

Tupokigwe aliinua mwanzi, akaupitisha chini ya mkeka. Alihisi mkono ukiudaka upande wa pili. Kwa dakika ile waliushika wote wawili, kila mtu mwisho wake, halafu ukavutwa ndani.

"Anyitike," alisema Tupokigwe polepole, kwa sababu hakupata kusema lolote masikioni mwa mzee huyu. "Mwambie babu kamba ziko kwenye kikapu, nitaziroweka maji zisikatike."

"Anyitike, mama yako ana akili. Mwambie aharakishe."

"Maa," alisema Anyitike.

Wakaenda hivyo. Mwanzi baada ya mwanzi uliingia chini ya mkeka. Ndani Tupokigwe alisikia mikono ya mzee ikifunga, ikikaza, ikifunga, kwa mwendo wa mtu anayesuka kitu alichokisuka maisha yake yote. "Mwanangu asiye na akili alikata kamba," mzee alimwambia Anyitike, "lakini mianzi hakuivunja, kwa hiyo hajaharibika kabisa." Tupokigwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akakimbilia jikoni kuichochea sufuria ya maharage, akarudi.

Ukuta ulipofika kwenye kenchi, giza lilikuwa linaingia. Mzee alimwambia mjukuu wake: "Mama yako apite sasa upande wake, awashe taa, aisogeze karibu na mianzi. Nikiona mwanga unapita, hata kama ni mdogo kama punje ya ulezi, mimi nalala kituoni."

Tupokigwe aliingia na taa ya chemli. Aliipitisha taratibu kutoka chini mpaka juu, kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake. Upande wa pili alisikia mzee akipumua, akifuata taa hatua kwa hatua. Mahali pamoja, karibu na kona, pumzi ilisimama.

"Hapo," alisema mzee. Akachomeka ufito mmoja, akakaza. "Endelea."

Taa ikafika mwisho. Kisha kiti kililia, na Tupokigwe akajua kwamba mzee amekaa kitako, shingo yake imeelekea kokote inakotaka.

"Anyitike," alisema, "mwambie mama yako nina njaa."

*

Bwana Bartholomeo aliingia kwa mlango wa barabarani akiwa amebana mkoba kwapani na pua inamtiririka kwa baridi. Alimwamkia mzee, "Kamwene," akaketi bila kutazama huku wala huku.

Mama mkwe wake, Evarista, alikuja na Atuganile kwa kichochoro cha uani. Lutengano aliwatangulia amebeba mzigo wa yule mama kichwani. Walipofika kwenye mlango wa nyuma alisita. Tupokigwe, aliyesimama ndani na taa, aliuona uso wake. Lutengano aliinamisha kichwa chini ya kizingiti, akapita yeye kwanza.

"Karibu, mama," alisema. "Mlango huu haukupaswa kuwa wa nyuma. Nitauhamisha."

"Mwanangu," Evarista alisema akijifunua kanga na kushusha pumzi, "mimi leo nilikuwa tayari kupita dirishani."

Abiria wengine wakafuata, kwa sababu waliona pa kuingia. Vyumba vikajaa, wa ziada wakatandikiwa mikeka. Wali wa Usangu ulipita kwa mkono wa Tupokigwe kwenye mlango wa uani, Lutengano akaupokea na kuuzungusha mpaka mbele, maharage yakafuata, na maziwa ya moto. Pande zote mbili za mianzi watu walikula kwa kelele. Evarista alisimulia habari za mjukuu wa Makongolosi kwa sauti kubwa kiasi cha kumfikia mkwewe aliye upande wa pili, na mkwewe akacheka mahali panapostahili, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jailos alikuja wakiwa katikati ya chai. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Bwana Bartholomeo," alisema, "kitanda chako kiko tayari. Cha springi. Nyumba yangu ina saruji, ina karabai mbili, ina jina Iringa na Igawa. Hapa ni udongo na mianzi!"

Bartholomeo aliweka kikombe chini. "Bwana Jailos, nikuulize. Nani anapanda basi langu?"

"Watu."

"Watu gani? Wewe una hoteli tatu, hujapata kuwauliza wanakwenda wapi? Wanakwenda harusini. Wanakwenda msibani. Wanakwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Na watu wa harusi na msiba na uzazi ni nani kama si wakwe? Basi zima ni wakwe! Kila siku nashangaa kwa nini abiria wangu wanalala nje ya hoteli zako na fedha wanayo mfukoni. Leo nimesimama nje mimi mwenyewe. Nimejua."

"Lakini saruji..."

"Saruji atamwaga. Mfuko wa saruji unauzwa dukani." Akamgeukia Lutengano. "Unaweza kujenga nyumba kama hii Iringa?"

Lutengano aligeukia mianzi. Kutoka upande wa pili wa mianzi ilisikika sauti ya mwanamke, shwari, haikutetemeka hata kidogo.

"Iringa tuna kiwanja, Bwana. Na matofali yamekwisha chomwa."

"Nani huyo?" Bartholomeo aliuliza.

"Mwenye hoteli," Lutengano alijibu.

Mzee Asukile alikohoa, lakini safari hii hakikuwa kikohozi cha taarifa; kilikuwa cha kuficha kicheko. Jailos alivaa kofia. Akavua tena. Akaaga vizuri, akatoka nje kwenye baridi, na Atuganile akamfuata kwa sauti yake ya kituoni:

"Bwana Jailos! Na ile rangi ya kesho, utuletee basi! Tuna mlango wa kuhamisha!"

*

Nyumba ya Iringa ilifunguliwa mwaka wa pili yake, na Liberatus akawa msimamizi wake. Ile ya Igawa hawakuijenga. Waliinunua kwa Jailos mwenyewe, aliyechoka kulaza mende, wakakata mlango mwingine ukutani kabla hata ya kukwangua kijani. Wasafiri hawakusumbuka na jina ambalo Lutengano aliliandika juu kwa herufi kubwa. Kutoka Iringa mpaka Tukuyu watu waliulizana hivi: "Utalala wapi?" "Milango Miwili." Na ulipofika mji wowote katika ile mitatu, hata usipojua kusoma, uliiona: milango miwili ikitazama barabara, yote miwili, imelingana kimo, imelingana upana, rangi moja. Mlango wa nyuma haukuwapo.

Siku ya kufungua ile ya Iringa, Tupokigwe alishuka kwenye basi kama msafiri, amevaa viatu, na kitambaa kipya kichwani. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Yeye, ambaye ndugu za mumewe walisema atakula ng'ombe wa watu bure, alipanda ngazi za saruji akaingia kwa mlango wake wa mbele bila kuinamia mtu. Alipata kitanda, blanketi jipya, maji ya moto ndani ya beseni. Hapakuwa na sufuria ya kuchochea. Alikaa kitandani akaitazama mikono yake imelala mapajani, akacheka peke yake.

Upande wa pili wa mianzi, iliyofungwa na mafundi chini ya fimbo ya mzee aliyekuja wiki nzima kabla kuwasimamia, kikohozi kilisikika.

"Anyitike," alisema mzee, "muulize mama yako. Wale ng'ombe wangu, wanakamuliwa?"

Tupokigwe alifumbua mdomo ajibu kama alivyozoea, kupitia mtoto. Lakini Anyitike alikuwa amekwisha kua. Alikuwa amesimama juu ya kitanda na miguu mitupu, akirukaruka, naye alijibu mwenyewe kwa sauti iliyovuka ukuta na pengine na barabara:

"Wanakamuliwa, babu! Lala!"

Pande zote mbili za mianzi wakaangua kicheko kwa wakati mmoja.